Kipepeo Kikikonda

Lakiri waliikata kwa mkasi wa kukatia bandeji.

Kwa miezi kumi na minne Chumba cha Kichwa kilikuwa kimefungwa kwa utepe mwekundu na nta ya Tume ya uchunguzi, na kila nilipouliza kitafunguliwa lini ili nijue mke wangu alikufaje, niliambiwa nisubiri barua kutoka makao makuu. Jumanne ile, saa tatu na dakika kumi asubuhi, barua haikuhitajika. Aliyekuwa kitandani ni Mkurugenzi mwenyewe.

Wendelini Mapunda alikuwa ameanguka kwenye ngazi za ofisi yake, kikombe cha chai mkononi. Bonge la damu lilikuwa limeziba ndani kabisa, kwenye shina la ubongo, mahali ambapo hata enzi za visu madaktari walipaogopa. Mwale tu ndio unaofika huko. Daktari wa kichwa alisema ikipita saa nne na dakika kumi hajapigwa mwale, tusihangaike tena. Ukutani, kwenye ubao wa Foleni ya taifa, ile inayotuita kwa namba kwenye bangili zetu, jina lake lilikuwa la kwanza. Gaudensia wangu alikaa siku tisa kwenye ubao huohuo, akipanda na kushuka kama bei ya mahindi.

Injinia Fidea Haule alisukuma mlango kwa bega. Yeye ndiye mpima mwale wa Kituo cha Luhangai. Mimi ni mfuta vioo wake. Akaniambia nifute vyote kumi na tisa, haraka, na nisimwage hata tone la spiriti kwenye sahani za mistari, zile zinazopanga rangi za mwale.

Nilisimama pale mlangoni nikiangalia ile nta imelala sakafuni vipande viwili.

Tume ilikuwa inakuja Alhamisi, keshokutwa yake. Walikuwa wanakuja kwa ajili ya mtambo huu, ukiwa vilevile ulivyoachwa siku ya Gaudensia, bila mkono wa mtu kuugusa. Walishasema wazi kwamba hawataamini picha wala karatasi za kituo. Wataamini kile watakachopima wenyewe. Hiyo ndiyo kesi yangu yote. Sina wakili, sina shahidi. Nina mtambo.

"Mzee Longino," Fidea aliita, "unasubiri nini, baba?"

Nikachukua kitambaa.

*

Mimi shule niliishia darasa la tano. Kabla ya kituo nilikuwa mrina asali, na walinichukua kwa sababu mkono uliozoea kuingia mzingani hautetemeki. Lakini miaka tisa ya kufuta vioo nyuma ya mabega ya wapimaji, mtu unaokota mambo.

Mpigo mmoja wa mwale wetu unadumu femto thelathini. Fidea aliwahi kunieleza femto kwa lugha yangu: femto moja ukiiweka kando ya sekunde moja, ni kama sekunde moja kando ya miaka milioni thelathini na moja. Hakuna saa ya kukimbiza kitu hicho. Kwa hiyo mwanga unapimwa kwa mwanga wenyewe. Unaugawa nusu mbili. Nusu moja unaichelewesha kwa kusogeza kioo kidogo sana, chini ya unene wa unywele, halafu unazikutanisha kwenye fuwele. Zikigongana, fuwele inatoa bluu. Zikipishana, inabaki giza. Unasogeza kidogo, unapima bluu. Unasogeza tena, unapima. Mwisho inatokea picha kwenye skrini, ina mabawa mawili yanayofanana kabisa, kushoto na kulia. Sisi huiita kipepeo.

Ubaya uko hapo kwenye kufanana. Nusu hii ikitangulia ile, au ile ikitangulia hii, fuwele haijali. Kipepeo kinakwambia mpigo una umbo gani, ila hakikwambii upi ni uso na upi ni kisogo. Na mpigo mkubwa hutembea na vitoto vyake, vimweko vidogo vidogo. Vikija nyuma havina neno, vinakuta kazi imeisha. Vikitangulia, vinachemsha mahali kabla mkubwa hajafika, na mkubwa akifika hapo hakati tena. Anapasua.

Kujua kama vitoto viko mbele au nyuma, kuna dawa moja tu: kigae, kipande cha kioo safi chenye unene wa milimita kumi. Unakiweka kwenye njia ya mwale na kupima upya. Ndani ya kioo bluu hukawia kuliko nyekundu. Kwa mtambo wetu, kipepeo kikinenepa baada ya kigae, vitoto viko nyuma, mgonjwa salama. Kipepeo kikikonda, picha uliyoisifia ilikuwa kinyumenyume, vitoto vimetangulia.

Luhangai kuna baridi, na kigae kikitolewa kabatini kinashika ukungu. Kwa hiyo tangu mwaka wangu wa kwanza nakibeba kifuani, ndani ya shati, kwenye mfuko wa flana alioushona Gaudensia. Kikiitwa kiko tayari, kina joto la mtu. Wapimaji walikuwa wakinicheka kwamba ninanyonyesha.

Halafu akaja Mapunda na agizo lake. Wagonjwa kumi na wawili kwa siku, si saba. Kipimo cha kigae kinakula dakika ishirini kila mara, akasema kifanyike Jumatatu tu, siku nyingine kisainiwe. Tukampa jina, Kumi na Mbili, na tulilitamka akishapita. Kucheka tulicheka, lakini hatukukataa.

Gaudensia aliingia humu siku ya Jumamosi. Nilifuta vioo vyake kwa mkono wangu. Kigae kilikuwa kifuani, kimeshapata moto, nikasimama pale nikingoja kiitwe. Hakikuitwa. Nikajiambia wasomi wanajua. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, na baada ya dakika kumi na moja wakaja kuniambia.

*

"Kimelingana," ilisema sauti ya Mratibu kutoka darini.

Mratibu ni mashine ya kuidhinisha. Inatazama kipepeo, mabawa yakifanana inasema kimelingana, na taa ya kijani inawaka. Mabawa hayajawahi kutofanana tangu dunia iumbwe, lakini wakubwa waliinunua na wakaizindua kwa ngoma.

Fidea alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, anaangalia skrini. Kipepeo kilikuwa kizuri kweli. Saa ilionyesha tatu na dakika ishirini na tano. Niliona macho yake yanakuja mpaka kwenye shati langu, pale penye uvimbe wa kigae, halafu yanaondoka upesi kama mtu aliyekanyaga makaa.

Nilimwelewa. Siku ya Gaudensia yeye ndiye aliyesaini kwamba kigae kimepita. Hakuna aliyeugusa mtambo tangu siku ile, kwa hiyo kigae kikisema leo kwamba vitoto viko mbele, kimesema pia juu ya Jumamosi ile. Kisipowekwa, hakisemi kitu.

Na mimi sikusema kitu. Nimwambie nani uongo? Moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko siku zote za miezi kumi na minne. Wote wawili, yeye na mimi, tulitaka kigae kikae kifuani. Yeye kwa sababu yake, mimi kwa yangu. Mapunda angepigwa mwale aliokuwa ameuagiza mwenyewe, na Alhamisi Tume ingekuta mtambo uleule, na maiti ya pili, ya mtu mwenye jina.

Fidea akaniambia nikafute dirisha la mwisho, lile lililo juu ya kichwa cha mgonjwa.

*

Kichwa chake kilikuwa kimebanwa kwenye fremu. Nusu ya uso ilikuwa imelegea, jicho moja linamwaga machozi bila yeye kujua. Daktari wa kichwa alikuwa upande wa pili wa pazia akihesabu mapigo ya moyo kwa sauti ya chini. Niliinama kufuta dirisha, tukatazamana kwa karibu namna ambayo hatukuwahi, maana kwa kawaida alinipita ukumbini akiangalia bangili yake.

Alinijua. Midomo ilimsumbua, akajaribu mara mbili.

"Ngonyani," aliniita kwa jina la ukoo. "Kigae. Wameweka?"

Mkono wangu ulisimama juu ya kioo.

Miezi yote hiyo nilikuwa najipa sababu moja ya kulala usingizi: kwamba labda hakujua. Labda kwake kigae kilikuwa mstari kwenye karatasi, dakika ishirini za kufuta. Watu wa ofisini hawajui vitu vingi. Kumbe alijua. Alijua kinafanya kazi gani, alijua kikikosekana inakuwaje, na sasa alipokuwa yeye chini ya dirisha, neno la kwanza lililomtoka kwa nusu ya mdomo lilikuwa hilo.

Ningeweza kumjibu ndiyo. Angefumba jicho lake moja akapumzika.

Nilimuuliza kama anakumbuka jina la mke wangu. Alinitazama. Sijui kama alikuwa analitafuta au ameshindwa kulitamka. Mdomo ulisogea, haukutoa kitu. Nikamaliza kufuta dirisha, pembe zote nne, kama ninavyofuta siku zote, nikatoka bila kumjibu.

Ukumbini nilisimama nikiwa na kitambaa mkononi. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na mbili. Kigae kilikuwa kinanichoma kifuani, na joto lenyewe ni langu tu. Ule mfuko wa flana una mshono wa pembeni ambao Gaudensia aliurudia mara mbili kwa sababu alisema mimi ni mtu wa kupoteza vitu. Nilikaa nje siku ile nikiwa nacho. Wao walifanya lao, na wataulizwa, lakini mimi pia nilikuwa nacho. Nikinyamaza na leo nitakuwa nimenyamaza mara mbili, na ya pili hii siwezi kumsingizia msomi yeyote.

Sikumsamehe. Nisiandikiwe hivyo.

*

Niliingia chumba cha kupimia, nikafungua kishikizo cha shati, nikatoa kigae. Fidea aligeuka. Nilikuwa nimeshakishika kwa kingo, natembea kuelekea mezani.

Alisimama mbele yangu. Akasema Mratibu ameshapitisha, muda hautoshi, na daktari ameshamwandaa mgonjwa. Yote aliyasema kwa haraka, kama mtu anayesoma risala.

"Pisha, Injinia," nikamwambia.

"Mzee Longino, ukiweka hicho hakuna kurudi."

"Najua. Pisha."

Alipisha. Sijui kwa nini. Labda alikuwa amechoka kuliko nilivyodhani. Niliweka kigae kwenye kishikio, nikakaza, nikarudi nyuma. Alipima katikati tu ya picha, dakika nne badala ya ishirini. Kipepeo kilianza kujichora kutoka kushoto, mstari kwa mstari, na hata kabla hakijafika nusu tulikuwa tumeshaona. Kilikuwa chembamba kama jani la mwanzi.

Kimekonda.

"Kimelingana," Mratibu alisema.

Fidea alikaa kwenye kiti bila kukitafuta. Nilimsikia akisema, si kwangu, kwamba ilikuwa hivihivi, kwamba siku ile ilikuwa hivihivi. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa koti na kuwa injinia tena. Akasema kati ya zile sahani mbili za mistari, ya pili imelala robo ya uzi wa skrubu, ikirudishwa vitoto vitahamia nyuma. Mota ya kuizungusha ilikufa mwaka wa kwanza, wakubwa hawakununua nyingine. Lazima mkono uingie kwenye kasha. Akanionyesha wake. Ulikuwa unatetemeka kama wa mlevi.

"Zungusha wewe, baba."

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Robo ya uzi. Ukishaizungusha, hakuna mwanadamu atakayeirudisha ilipokuwa. Alhamisi Tume watapima mtambo mzima, mzuri, usio na kosa, wataandika kwamba Gaudensia Ngonyani alikufa kwa amri ya Mungu, wataondoka na chakula cha mchana wamekula. Na ile picha iliyokonda kwenye skrini? Mratibu haihifadhi vipimo vya kigae. Walipobana zabuni walikiondoa kigae kwenye mfumo. Ukibonyeza kupima tena, ya kwanza imekufa.

Nikamwambia aandike kwanza. Kitabu cha chumba kilikuwa pale, kurasa zake zina namba, hauchaniki ukurasa bila kujulikana. Aandike kwamba kipepeo kimekonda, leo, kabla skrubu haijaguswa, na kwamba mtambo haujaguswa tangu siku ile. Aandike, nami nitazungusha.

"Nitaandika tukimaliza," alisema.

"Mlisema hivyo juu ya kila kitu."

"Kuna mtu anakufa pale."

"Alikuwepo mwingine."

Alikamata kalamu. Alifungua kitabu. Kalamu ikasimama juu ya karatasi na haikushuka. Nilimwona anapiga hesabu za maisha yake yote: cheo, nyumba ya kituo, mama yake aliye namba arobaini kwenye Foleni. Daktari wa kichwa alibisha kwenye dirisha la kati na kuinua vidole kumi, kisha vitano: dakika kumi na tano. Fidea bado ameshika kalamu. Vidole vya daktari vikashuka, vikapanda tena: kumi na nne.

Nilikuwa na mshipi mkononi na samaki yuko majini. Nilikuwa na haki ya kungoja. Kila sekunde niliyongoja ilikuwa inamvuta yeye kwenye karatasi na kumvuta Mapunda kwenye kaburi, na nikagundua kwamba ninahesabu kwa furaha. Hiyo furaha ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa sura ya mtu anayeagiza kumi na wawili kwa siku.

Niliacha kumwangalia. Nikakunja mkono wa shati, nikaingiza mkono kwenye kasha.

Skrubu ya sahani ya pili ni ndogo kama punje ya mtama. Niliishika kwa vidole viwili na kuvuta pumzi kama zamani mzingani, nyuki wakiwa wamekaa mpaka kwenye kope. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa haijaguswa tangu Jumamosi ile, na ilikuwa imenitunzia kile ambacho hakuna mtu aliyenitunzia. Nikaizungusha. Fidea alikuwa ameacha kalamu, anasoma skrini kwa sauti, kidogo, kidogo tena, rudi unywele, hapo. Akapima. Na kigae njiani, kipepeo kilinenepa, mabawa yakajaa mpaka ukingoni mwa picha.

Nikatoa kigae. Fidea akabonyeza.

Mwale wenyewe hauonekani wala hausikiki. Kinachosikika ni mlio mkavu kama wa kidole kinachogonga meza, mara elfu kwa sekunde, halafu kimya. Saa nne na dakika sita daktari alifungua pazia akasema jicho la kushoto linafuata taa.

*

Kitabu cha chumba hakikubaliki bila saini mbili, ya mpima na ya aliyekuwepo. Fidea aliandika akiwa amesimama. Nilisoma begani mwake, taratibu, kama nisomavyo siku zote. Tarehe. Jina la mgonjwa. Kigae kimewekwa. Kipepeo kimenenepa. Salama.

Yote yalikuwa kweli. Hakuna neno hata moja la uongo pale, na hakuna kitu pale. Akanigeuzia kitabu nisaini, hakuniangalia.

Nilichukua kalamu. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, herufi kubwa zinazogombana, na ilinichukua muda. Chini ya mstari wake niliandika: KABLA SIJAZUNGUSHA SKRUBU KILIKONDA. MTAMBO ULIKUWA HAUJAGUSWA TANGU SIKU YA GAUDENSIA NGONYANI. SKRUBU NIMEZUNGUSHA MIMI. Nikaweka jina langu lote, Longino Ngonyani, mfuta vioo.

Alisoma mara mbili. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaelewa kwamba nimejifunga mwenyewe. Ushahidi wa Tume umeharibiwa, na aliyeuharibu ameandika jina lake. Nikamwambia najua kusoma kiasi hicho. Akasema peke yake mstari huu hauna nguvu, watasema ni maneno ya mfiwa mwenye uchungu. Nikamwambia hilo pia najua.

Kutoka upande wa pili wa dirisha tulimsikia Mapunda akiomba maji. Sauti ilikuwa imerudi, nzima, ya mtu aliyezoea kuletewa.

Fidea alivuta kiti akakaa. Alisogeza kitabu karibu, akaomba kalamu. Nilikuwa bado nimeishika. Nikampa.

Chini ya maneno yangu aliandika: Nilikuwepo. Ni kweli. Siku ile kigae hakikuwekwa, nilisaini kwa agizo. Halafu akaandika jina lake. Ni refu kuliko langu, lina la ubatizo, la baba na la babu. Aliliandika lote.